Usingizi wa Baba Shantel

Lanet, Nakuru
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa Senge Nakhumicha, shangazi yangu,

Mulembe sana kutoka kwangu na kwa wajukuu wako. Habari ya Kimilili, na habari ya goti? Nasikia huko mvua haijawanyima, mahindi yamefika kiunoni. Natumaini umeacha kubeba maji mwenyewe kama tulivyokuomba, ingawa nakujua, hujaacha. Huku Shantel ameng'oka jino la mbele na anaficha mdomo akicheka. Sitati mdogo sasa anatembea, na hakuna sufuria iliyo salama.

Mimi siwezi kukudanganya kwamba niko mzima. Mkono wa kushoto uko kwa plasta, ndiyo maana karatasi inateleza na maandishi yanapanda mlima. Utanisamehe.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwa simu hatufiki popote. Nikipiga, unaweka spika, boma lote linasikiza, na kabla sijamaliza umeshasema, "Nekoye mwanangu, vumilia, ni dawa tu." Karatasi haina mtu wa kuikatiza. Kwa hivyo kaa chini, Senge, uwatume watoto nje, usome mpaka mwisho.

Unajua Baba Shantel anafanya shifti ya usiku kule Olkaria, hapo Naivasha kwetu, wanakochimba visima vya mvuke. Shida yake ilikuwa kulala mchana. Nilitundika blanketi dirishani, nikawa nabeba watoto nashinda nao kwa Wangu, jirani yetu, ndiyo nyumba inyamaze. Bado alikuwa anageuka tu kitandani, macho mekundu kama pilipili. Kuna siku alisinzia kazini, bomba likakaribia kumponda mkono. Hapo ndipo alikubali kwenda kwa daktari, akaandikiwa vidonge vya usingizi. Daktari alimwambia nikiwa nimeketi hapo hapo: meza kimoja, panda kitanda mara moja, na pombe usiiguse.

Lakini yeye na wenzake wana kawaida yao. Wakitoka shifti lazima wapitie mahali "kuosha vumbi kooni." Akawa anameza kidonge juu ya pombe. Nikimkanya ananiambia, "Mama Shantel, hivi ndivyo kinashika haraka."

Mara ya kwanza ilikuwa mchana peupe. Nilikuwa nimeingia kuchukua nepi. Nikamkuta ameketi kitandani macho wazi, lakini ndani ya hayo macho hapakuwa na mtu. Nikamwita. Akanishika shingo, akanigonga kichwa kwa fremu ya mlango, akanigonga tena, kama mtu anapigilia msumari. Damu ikaniingia machoni. Nilipoanguka alichukua stuli akanivunjia mgongoni. Hakusema hata neno moja, Senge. Hiyo ndiyo iliniogopesha kuliko stuli. Kisha akarudi kitandani, akajifunika vizuri, akakoroma.

Wangu alinipangusa damu nyumbani kwake. Jioni Baba Shantel akaamka, akanitafuta, akaona uso wangu.

"Nani amekupiga?" akauliza. "Nekoye, sema ni nani! Leo namuua mtu!"

Akatoa panga chini ya kitanda akatoka nje kifua wazi. Kihara, yule wa bodaboda, alikuwa anaosha pikipiki yake kwa geti la ploti tunayopanga, na huyo ndiye alimshuku, eti huwa ananisalimia sana.

"Ni wewe!"

"Mimi? Wewe ndiye umempiga, ploti nzima imesikia! Si uende ujikate mwenyewe!"

Panga lilishuka likapasua kiti cha pikipiki na kidole cha Kihara pamoja. Kidole kilibaki kimening'inia kwa ngozi. Wanaume walimwangusha Baba Shantel, wakamfunga na kamba ya nguo, wakamwambia ukweli. Alilia mpaka akatapika. Nilimwamini. Hata leo, hiyo ya kwanza nimeiachia Mungu.

Tulirudi kwa daktari. Alikasirika juu ya ile pombe, akambadilishia dawa, akanikabidhi mimi pakiti, kwamba kila akitoka kazi nimpe mwenyewe kwa mkono wangu. Na ploti yetu nayo unaijua. Watu walikuja kumpa pole. Yeye! Walimletea yeye supu ya mifupa, eti maskini, dawa za hospitali zitamaliza wanaume. Mimi nilikuwa hapo na uso kama ndizi iliyoanguka kwa lori, nikiwapakulia. Kihara mwenyewe, na bandeji yake, alisema amemsamehe. Baba Shantel alikunywa hiyo supu na akasikiza sana yale watu walikuwa wanasema. Sasa ndiyo naelewa alikuwa anasikiza nini.

Senge, hiyo ndiyo habari uliyo nayo wewe. Sasa nikupe ile huna.

Jumanne alirudi na hasira za kazini. Sikunusa pombe. Nilimtolea kidonge kimoja nikakiweka kwa kisosa, kisahani cha chai, pale mezani, nikakifunika na kikombe kwa sababu ya mikono ya Sitati mdogo. Akasema ataanza na chai. Nikaona huo ni wakati mzuri wa kumwambia nimepata kazi shamba la maua, kufunga mashada, naanza wiki ijayo.

"Umepata kazi ama umepata bwana?"

"Nimepata kazi, Baba Shantel."

"Na hawa watoto?"

"Wangu atashinda nao."

Aliweka chai chini polepole. Akaenda akasukuma komeo la mlango. Akaongeza redio. Mtu aliyelala hafungi komeo, Senge. Mtu aliyelala haongezi redio.

Akachomoa mpini wa jembe kule nyuma ya pipa la maji. Alipiga kwa kuchagua. Nilipojikinga uso alisema, "Toa mkono, huko sipigi, watu wataona." Akapiga mbavu, akapiga mapaja, akapiga magoti. Nilipoanguka alinikanyaga tumboni na buti za kazi, zile za chuma mbele. Nilipoinua mkono kumwomba, alileta mpini kwa nguvu zake zote, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Shantel alikuwa chini ya kitanda amemziba ndugu yake mdomo. Nilimwona. Na yeye aliniona.

Halafu akachoka. Akaketi, akapumua, akapunguza redio, na sauti yake ikabadilika ikawa ya mtoto.

"Mama Shantel... nini imetendeka? Ni hii dawa. Haki sikumbuki kitu."

Nilijivuta mpaka kwa meza, nikainua kile kikombe na mkono mzima. Kidonge kilikuwa pale kwa kisosa. Cheupe, kikavu, vile nilikiweka.

Tulikiangalia wote wawili. Yeye ndiye alikichukua, akakitupa mdomoni, akakimeza bila maji.

"Haya, nimemeza," akasema. "Sasa utawaambia nini?"

Kisha akapanda kitanda na buti zake. Ile siku moja tu ndiyo alifuata maagizo ya daktari sawasawa, akameza, akapanda kitanda, bila pombe. Dawa ilifanya kazi yake. Nilisimama hapo nikamsikiza mpaka pumzi yake ikawa nzito, nikamwita jina mara moja, hakusikia. Nikafungua komeo. Nilichukua watoto, blanketi na kadi za kliniki. Wangu alinipeleka hospitali, tukapiga ripoti polisi, na kutoka hapo akanileta huku Lanet kwa mama yake, ambapo Baba Shantel hapajui.

Nimeambiwa alikupigia simu kesho yake akilia, akakuambia dawa imemgeuza tena. Nimeambiwa pia ameleta mbuzi, na wazee wamekubali, na mnangoja mimi nije nile hiyo nyama naye kwa sahani moja ndiyo mambo yaishe. Senge, siwadharau. Najua mila ilikuwa ya kutuliza nyumba. Wewe ndiye ulinikalisha siku yangu ya kuolewa ukanifundisha kunyamaza, na nimenyamaza vizuri, hakuna atakayesema hukunifundisha. Lakini nyama hiyo sitakula. Wazee walihukumu kidonge, na kidonge hakikunipiga. Kilikuwa kwa kisosa kimefunikwa.

Na msiseme dawa ya hospitali ni mbaya. Hata mimi sasa nimeandikiwa, kwa sababu tangu Jumanne macho hayafungi, na ninaimeza vile nimeambiwa. Kila nikiimeza bado mimi ni mimi.

Mwambie Levis wako aache kunoa panga. Nimesikia anataka kuja Naivasha kunilipizia. Nampenda sana binamu yangu, lakini damu nimeona ya kutosha, na kesi yangu sitaki igeuke kuwa yake. Kama ana nguvu za ziada, akulimie.

Ninachoomba ni kitu kimoja, na nakiomba nikiwa nimepiga magoti haya yaliyovimba. Nataka kuja nyumbani na watoto. Jumamosi Wangu atanisindikiza mpaka kwa basi. Najua binti akirudi hana nyumba yake kwenu, watu watasema. Nitalala kwako, hata jikoni. Nitakuchotea maji mkono ukipona. Lakini kama unanipokea ili unirudishe, nitumie habari kwa simu ya Wangu mapema. Nisiwashushe watoto kwa gari Kimilili wakidhani wamefika. Nikisikia hivyo nitabaki huku, nitapanga chumba na kufunga maua, na nitaendelea kukupenda. Lakini kwa huyo mtu sirudi. Hilo halina mkutano.

Nisalimie Levis na mkewe, nisalimie mama Chepkirui wa hapo ng'ambo ya mto na akina mama wote wa kwaya. Mungu akulinde, akupe goti jepesi na moyo wa kunisikia.

Ni mimi mtoto wa ndugu yako, nikupendaye bila kuchoka ingawa nimechoka,

Nekoye

N.B. Shantel alikuwa amelala hapa kwa kiti nikiandika. Ameamka sasa hivi akauliza kama Baba yuko. Nimemwambia hayuko. Akasema, "Haya," akageuka upande ule mwingine, akalala tena.