Moshi Usimsumbue Jirani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimepewa kazi ya kuua kanuni! Bosi wangu Ann-Sofi kaniwekea faili mezani, nene, limefungwa kwa mpira. Kanuni zote za serikali ya Sweden kuhusu moshi wa biashara ndogo: waoka mikate, wakaanga kahawa, wabanika samaki. "Fupisha, Asifiwe," kasema. Wakubwa wanataka mzigo upungue. Tumefanya kikao cha kupanga vikao vya kupunguza mzigo. Kahawa, keki za mdalasini, kila mtu kaeleza anavyojisikia.

Nimerudi nyumbani Hjulsta kichwa juu. Nimemweleza mama. Kaniangalia kwa huruma, kauliza: Yaani tulikimbia Uvira, tukala maharage ya kambi kule Kigoma, ukasoma mpaka macho yakaingia ndani, ili ulipwe kwa ajili ya moshi?

Ndiyo, mama. Hewa ni mali ya wote.

Kasema hewa haina mwenyewe, ndiyo maana ni ya bure. Kaendelea kutwanga sombe, majani yake ya muhogo.

Jumatano, 5 Machi

Nimeipata! Sentensi moja badala ya faili zima: "Moshi usimsumbue jirani mwenye busara." Nimeisoma kikaoni kwa sauti ya kanisani. Makofi!

Halafu mmoja kauliza jirani mwenye busara ni nani. Mwingine: je, akiwa na mafua? Mwingine: je, akiwa amesafiri lakini kaacha paka? Kufika mchana maelezo yamekuwa marefu kuliko faili. Ann-Sofi kafuta ubao wote. Tutaijaribu kwanza kwa mtu halisi, kasema. Nani anamjua mtu mwenye moshi?

Mkono wangu ukapanda wenyewe. Tonton Firmin! Kaka yake mama. Anafanya usafi uwanja wa ndege, na kwake Märsta ana kibanda nyuma ya nyumba, anabanika samaki. Makrill, samaki wa bahari ya huku, maana mgebuka wa ziwa la kwetu haupatikani. Ni wa familia tu. Kuuza hajathubutu, kwa sababu kanuni za sasa zinataka bomba la moshi refu kuliko nyumba yake, pamoja na mtaalamu wa kupima.

Nimesema wazi kwamba ni mjomba wangu. Ann-Sofi kasema uamuzi utakuwa wake, mimi nitatafsiri tu. Kiswidi cha Tonton ni cha kazini: ndoo, sabuni, samahani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia Tonton. Kapiga kelele mpaka binti yangu Malaika kasikia chumbani kwake. "Enfin! Hatimaye! Miye niko tayari tangu zamani! Nitaacha ndoo yao, nitafungua duka!" Kumbe ameshachagua hata rangi ya mlango. Mgongo unamwuma kila asubuhi, kasema, lakini akiwa na samaki hausikii. Nilikuwa nacheka. Nikaacha.

Halafu kauliza: huyo jirani mwenyewe ni nani?

Torbjörn, nikamwambia. Wa upande wa pili wa uzio.

Torbjörn ni mstaafu anayeishi peke yake. Ameshalalamika manispaa kuhusu mashine za kukata majani, trampolini, na bata. Bata!

"Basi nitamupelekea samaki," Tonton kasema. "Apate busara."

Usithubutu! Hiyo ni rushwa!

"Kumupa mutu chakula ni rushwa? Basi mama yetu alikuwa mafia."

Jumapili, 9 Machi

Siamini. Torbjörn amekula kwetu leo!

Tonton hakumpelekea samaki, la. Kamleta mtu mzima mzima, kwa treni, toka Märsta. Torbjörn kavua viatu mlangoni, soksi imetoboka, mkononi kashika ua moja ndani ya karatasi. Mama kampokea kama askofu. Ugali, sombe, samaki wa Tonton. Nikamvuta Tonton jikoni: nilikuambia nini? Kanijibu kwamba nilikataza samaki aende kwa mutu, sikukataza mutu aende kwa samaki.

Mezani Torbjörn kainamia sahani. Kala. Kaongeza. Mwisho kapangusa mdomo, kasema, "Intressant." Yaani, inavutia.

Mama kaninong'oneza: ni vizuri au vibaya? Sijui! Miaka yote hii Sweden, na sijui! Malaika, bila kuinua macho kwenye simu yake: "Det betyder att han hatar det." Maana yake hapendi kabisa. Kwa Kiswidi! Mbele ya mwenyewe!

Torbjörn kawa mwekundu kama pilipili. "Nej, nej," hapana kabisa, kasema, na kachukua samaki mwingine kuthibitisha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Ann-Sofi yote kabla hajavua koti. Kaitisha kikao. Je, jirani aliyelishwa bado ni jirani? Wameongeza maneno: "mwenye busara, asiyelishwa." Mmoja kauliza kama biskuti nazo ni kulishwa. Wote tukatazama sahani katikati ya meza.

Jaribio litaendelea Alhamisi. Ni Torbjörn huyo huyo, hakuna jirani mwingine. Upande mwingine wa nyumba ya Tonton ni msitu.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika garini, Märsta. Nimetumwa kuchukua chupa ya kahawa na sitaki kutoka tena.

Tonton alitupokea kavaa suti ya harusi. Kaninong'oneza kwamba leo hajapeleka kitu ng'ambo ya uzio, hata salamu. Kuni zililowa theluji. Moshi wa kwanza ulimfuata Ann-Sofi. Kaenda kushoto, moshi kushoto. Kajificha nyuma ya gari, moshi huo! Wenzangu na vizibao vyao vya kung'aa wanakohoa kwa adabu, kwa zamu. "Vumilieni," Tonton kasema, "unatafuta njia."

Halafu upepo ukageuka. Moja kwa moja kwa Torbjörn, aliyesimama upande wake wa uzio. Ann-Sofi kamwuliza rasmi: moshi huu unakusumbua?

Torbjörn kamwangalia Tonton. Tonton kaangalia viatu vyake.

Ndipo Torbjörn kaongea, mengi kuliko nilivyowahi kumsikia. Zamani bomba lilipimwa, kasema. Likiwa fupi, ni fupi, mpimaji ndiye aliyeamua. Yeye alilalamika, akalala vizuri. Sasa wanamwuliza yeye. Akisema moshi unamsumbua, anamnyima duka mtu wa kwanza kumwalika mezani tangu mke wake afariki. Akisema haumsumbui, kifua chake kibovu kitamsuta kila asubuhi. "Mzigo hamjaupunguza," kasema. "Mmenitwisha mimi."

Hakuna aliyeandika.

"Anasema nini?" Tonton kaniuliza. "Asifiwe, anasema nini?"

Nimetafsiri. Yote, hata kifua.

"Kifua? Hakuniambia hata siku moja!" Tonton kachukua ndoo ya maji, kakimbilia kibandani kuzima moto, tai begani. Na Torbjörn, toka ng'ambo ya uzio, kwa sauti ya kuamsha bata wote wa Märsta: "Nej! Fisken!" Samaki wataharibika! Kisha kaingia ndani, kabamiza mlango.

Sasa wote wamesimama kwenye theluji. Ann-Sofi anasema tumpe muda. Dirisha la Torbjörn liko wazi na moshi unaingia taratibu. Namwona kutoka hapa. Amelishika, hajalifunga. Tonton anamtazama, ndoo mkononi, na maji hajayamwaga. Kila mmoja anamngoja mwenzake aamue.