Mwalimu Sipriani Likwata: Mabati ya Nyangamara

Baba, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya masika, Machi 14, 1984, uliposema unajinyoosha kidogo kabla ya kengele ya paredi. Hukuamka tena.

Ulikuwa Mkuu wa chuo cha ualimu kwa miaka kumi na tisa, na wengi wanakukumbuka kwa hilo. Sisi tunakukumbuka umechoka. Vita vya Kagera vilipochukua lori la chuo na wakufunzi vijana, ulifundisha madarasa matatu kwa siku, ukarudi nyumbani sauti imekauka. Tulipoambiwa sote tufunge mkanda, wako ulikuwa umeshafika tundu la mwisho. Sabuni ilipokosekana ulifua shati kwa majani ya mpapai. Ugali wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, uliula pamoja na wanafunzi, ukiwa wa mwisho kwenye foleni. Kila Mama alipouliza utapumzika lini, ulijibu, "Hili likipita." Likipita hili, linakuja lile.

Kwa miaka sita ulikusanya mabati ya nyumba ya kustaafia kule Nyangamara, moja moja, ukayaficha chini ya kitanda chetu. Siku ya kuezeka, Mama alitangulia kupika. Mdogo wako Xaveri na ndugu wengine walifika na nyundo zao. Wewe ulifika jioni kwa baiskeli, mkononi una misumari tu. Upepo ulikuwa umeezua bweni la wasichana pale chuoni wiki ile, na mabati yetu yalikuwa yameshapigiliwa huko. Sisi watoto tulijua. Ulitukataza kusema.

Mama alikuuliza kwa nini hukumwambia.

"Apolonia, ungenikatalia. Na watoto wa watu wanalowa."

Hakukusemesha hadi Jumapili. Ndugu walikula kuku wao, kesho yake wakaezeka kwa nyasi.

Tuseme kweli, Baba, tulikukasirikia. Ulituchosha na wewe ukajichosha. Hata leo mvua ikinyesha tunasogeza vitanda, tunakulaumu, kisha tunacheka kidogo.

Mwezi uliopita Mama alikwenda chuoni kuchukua vitabu vyako. Mvua kubwa ilipoanza kudondoka, akawahi kujikinga kwenye bweni lile. Wasichana wa mwaka wa kwanza hawakumfahamu. Walimwamkia shikamoo, wakampa kiti, wakaendelea kusoma. Alikaa akisikiliza mabati yakipigwa, akitazama juu, mpaka mvua ikakatika.

Aliporudi alikunja khanga yake, bado kavu, akatuambia, "Leo nimekaa kwenye nyumba yangu. Haivuji."

Basi pumzika, Baba. Hili nalo limepita.

Unakumbukwa na mkeo Apolonia, wanao Tekla, Lukas na Justa, mdogo wako Xaveri, wajukuu zako, na ukoo wote wa Likwata, Nyangamara.

Siku zote u pamoja nasi, hatutakusahau.