Mistari Minane Kwenye Utando

Jumatatu, 6 Machi 2006
Maabara saa mbili. Chai, koti, tanuri. Sampuli ya mwisho imetoka: utando wa bariamu titanati, kauri ya vifaa vya umeme, juu ya fuwele, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Ijumaa stima ilipotea tukipoza, tanuri likapoa mbio. Nilijua nimekwisha. Lakini chini ya darubini kuna mistari minane, imenyooka kama matuta ya viazi. Nina furaha ya kijinga.

Jumanne, 7 Machi
Prof, msimamizi wangu, ameangalia dakika moja. Nyufa, amesema. Kama ni nyufa, sura ya tatu ya tasnifu yangu haipo na miaka miwili imeenda na maji. Mimi nasema ni mipaka ya kanda: huku chembe zimeegemea hivi, kule zimeegemea vile, zinapokutana unaona mstari. Prof ni mkaidi. Mimi pia. Nimetembea hadi Westlands kwa hasira tu.

Jumatano, 8 Machi
Nimepata! Utando ukipashwa joto kupita nyuzi mia na ishirini hivi, chembe huacha kuegemea. Kanda hufutika. Ufa haufutiki. Shida ni kwamba sampuli ni moja, na joto laweza kuipasua kabisa. Bwana Salim, fundi wetu kutoka Mombasa, kaniazima jiko dogo la umeme linaloingia chini ya darubini. "Polepole, dada. Hii si chapati."

Alhamisi, 9 Machi
Nyuzi tisini, hakuna kitu. Mia na kumi, mistari bado ipo yote.
Mia na ishirini na sita. Mmoja umepotea. Mwingine. Halafu kama mtu kapitisha kitambaa.
Nimepiga kelele, Salim akaangusha kikombe. Nilipopoza mistari ilirudi, mingine imehama kabisa. Ufa hauhami. Chakula cha mchana nimekisahau. Kesho Prof aone kwa macho yake.

Ijumaa, 10 Machi
Prof alikalia stuli yangu saa nzima. Alinifanya nipashe mara tatu. Kila mara mistari ilifutika, isipokuwa mmoja wa pembeni. Ulibaki pale pale. Jana kwa furaha sikuuona. Nimeona aibu.
"Huo ni wangu," akasema, bila kuinua kichwa. "Hiyo mingine ni yako. Andika."
Nimeandika yote, na ufa wake nikauweka kwenye picha ya kwanza. Nimefika nyumbani Mountain View mapema. Mama kauliza kama shule imeisha. Nimesema bado. Nimekula githeri sahani mbili, nikalala jua likiwa bado nje.