Pompu ya Samaki Kwenye Stoo ya Kujificha

Jumapili jioni, hapa mtaani kwetu Buyenzi. Mvua imepiga asubuhi yote mpaka barabara ikawa uji, halafu jua likatoka kana kwamba halikuhusika. Mgongo unaniuma, kidole gumba kimevimba kwa nyundo, na nina furaha ambayo mwanamume wa umri wangu hapaswi kuwa nayo kwa sababu ya rafu ya mbao.

Ngoja nianzie mwanzo. Wasomaji wa shajara hii ya mtandaoni ni watatu, na mmoja wao ni shemeji yangu wa Kigoma, ambaye atataka kujua mama yake anaishije kwetu.

Anaishi vizuri, shemeji. Anaangalia samaki.

Samaki walitoka Kiriri, mtaa wa mlimani. Kule juu nilikuwa na mteja, mgeni mmoja, namtengenezea frigo kila ilipochoka. Milio ya bunduki milimani ilipozidi, akafunga nyumba akarudi kwao. Mbwa akapewa mlinzi, viti akapewa mpishi, mimi nikaambiwa: fundi, chukua akwarium. Tangi la kioo, refu kama meza ya kupigia pasi, na ndani yake samaki wadogo wa ziwa letu hilihili, wa njano na wa mistari, wale ambao zamani walikuwa wanapandishwa ndege kwenda Ulaya wakati sisi wenyewe tumebaki chini tunapunga mkono. Nilitaka kukataa. Lakini kukataa cha bure ni kipaji, na mimi sikupewa.

Wakati huo mama mkwe alikuwa ameshahamia kwetu. Nyumba yake ya Kibenga ilivunjwa milango, akatoka na mkeka na birika. Kule alizoea kufungua dirisha akaliona ziwa. Kwetu dirisha linaangalia ukuta wa jirani. Akawa anakaa chumbani, anajibu salamu, basi. Chakula alikionja kama mtu anayepima chumvi tu.

Siku nilipojaza tangi sebuleni, alitoka na mkeka wake, akakaa mbele ya kioo. Jioni akaomba aongezewe wali.

Mke wangu aliona. Mimi niliona. Tangu siku hiyo samaki si pambo tena.

Shida ni kelele. Pompu ya hewa inanguruma. Pembeni yake kuna kile kisanduku cha kutuliza umeme wetu unaopanda na kushuka, nacho kinavuma kama nyuki ndani ya chupa. Mji mwingine ungezoea. Hapa tunaishi kwa masikio. Mlio ukisikika, unaupima: uko mbali au karibu, unakuja au unaondoka, tuendelee kula au tulale chini. Wiki iliyopita walipiga sana, sisi tuko mezani tunatafuna, hatuna habari mpaka jirani alipotugongea ukuta.

Mke wangu akaweka kijiko chini.

"Baba Ramla, iyo mashine inatuziba masikio. Itoke hapa, ao samaki warudi ku ziwa."

"Na mama?"

"Kama si mama, ningekuwa nimeshawakaanga. Una mpaka Jumapili."

Chumba pekee kinachopakana na sebule ni stoo. Na stoo, ndugu msomaji, ndimo tunamojificha. Haina dirisha, iko katikati ya nyumba, kuta zake nene. Milio ikikaribia tunalala humo watu watano: mama mkwe mwisho kabisa, nyuma ya kitenge tulichokitundika kwenye kamba, kisha mke wangu, kisha Ramla na mdogo wake Rama, kisha mimi mlangoni.

Kitenge si cha urembo. Kwetu mwanamume halali chumba kimoja na mama mkwe wake. Tukikutana kwenye korido, mmoja anarudi nyuma. Akitaka kuniambia jambo, anamwambia binti yake, hata kama nimesimama palepale nasikia. Vita haikufuta hayo. Ndiyo maana kila tulipojificha nilijisogeza mbali kadiri ya adabu: kichwa na kifua stoo, tumbo mpakani, miguu sebuleni. Mlango wa stoo haukuwahi kufungwa, kwa sababu ya miguu yangu.

Jumatano nikatoboa ukuta kwa patasi, nikapitisha mpira wa hewa, nikaweka pompu na kile kisanduku sakafuni, upande wa mlango. Pembeni nikapanga bidoni, madumu yangu ya maji ya ziwa, maana maji ya bomba yana dawa na samaki hawa hawaitaki. Nikarudi nyuma kuangalia kazi yangu kwa mapenzi.

Mke wangu naye aliangalia. "Na we utalala wapi?"

"Mlangoni, kama kawaida."

"Mlangoni imelala pompu. We sasa uko sebuleni muzima."

Nikamwambia kichwa kitaingia, na kichwa ndicho muhimu. Akasema inategemea kichwa cha nani.

Ijumaa, baada ya Alasiri, milio ikaanza na umeme ukakatika kwa pamoja. Tukakimbilia ndani. Nikabana kichwa changu kati ya bidoni mbili. Tumelala kimya, mara sakafu ikaanza kulowa. Kila mtu akahisi, hakuna aliyesema, mpaka Rama alipojitetea kabla hajashitakiwa:

"Apana mi!"

Kweli hakuwa yeye. Alikuwa baba yake. Pompu nimeiweka chini, tangi liko juu mezani. Umeme ukiwepo, hewa inayasukuma maji. Umeme ukikatika, maji yanarudi kwenye mpira, yanashuka kupitia pompu, yanamwagikia familia. Kila frigo ya mtaa huu imepita mikononi mwangu, na hilo sikulifikiria. Katika mji ambao umeme unakatika zaidi kuliko unavyowaka!

Nilikunja mpira nikaubana kwa vidole mpaka milio ikapoa. Maji ya tangi yalikuwa yamebaki nusu, samaki wamejazana pembeni. Nyuma ya kitenge nikasikia mama mkwe akimuuliza binti yake, polepole sana:

"Mukwe ameua samaki?"

Mke wangu hakunigombeza. Alikamua godoro tu, akasema Jumapili ni keshokutwa.

Ndiyo leo.

Nimeamka na nia. Nimefunga rafu karibu na dari ya stoo, juu kuliko maji ya tangi, ili umeme ukikatika maji yasiwe na pa kushukia. Pompu nimeilaza juu ya kipande cha mpira wa tairi isitetemeshe ukuta. Kisanduku cha umeme kando yake. Bidoni zimehamia bafuni. Sakafu yote nimewarudishia wenyewe.

Mchana nikaomba jaribio, watu wote watano. Mke wangu alicheka, lakini mama mkwe alikuwa ameshaingia nyuma ya kitenge chake. Mimi nikaingia mwisho, nikavuta pumzi, nikavuta na tumbo. Likaingia. Ramla akachomoa pompu. Tukangoja. Hakuna tone. Akaichomeka tena, tukatoka, na sebuleni kulikuwa kimya hadi tukamsikia jirani anavyosemwa na mkewe, neno kwa neno. Masikio yetu yalikuwa yamerudi.

"Inafaa," akasema Mama Ramla. Mimi neno hilo ningelitundika ukutani.

Halafu, Magharibi inakaribia, milio ikaja ya kweli. Tuliisikia ikiwa bado mbali, tukaingia bila kukimbia. Umeme ukakatika. Nikaingiza miguu, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kujificha humo, mlango wa stoo ukafungwa.

Sakafu ilikuwa kavu. Lakini povu la hewa kwenye tangi nalo lilikuwa limesimama, na sote tulijua.

"Mukwe."

Nilidhani nimesikia vibaya. Hajawahi kuniita mwenyewe, tangu harusi.

"Naam, mama."

"Samaki wanapumua?"

"Wanapumua, mama. Lakini bila umeme hewa inawaishia polepole."

Milio ikapita juu ya mtaa, ikakaa kidogo, ikaanza kuondoka. Ilipofika mbali, kitenge kikafunguka. Mama mkwe akamruka binti yake, akawaruka wajukuu, na kwa kuwa humo hakuna korido ya mtu kurudi nyuma, akakusanya kanga yake akaniruka na mimi, tumbo na vyote. Nilifumba macho kwa heshima.

Nilipotoka nilimkuta mbele ya tangi na kikombe. Anachota maji, anayamwaga kutoka juu yafanye povu. Anachota, anamwaga.

Naandika haya kwa mwanga wa koroboi, nitayapiga chapa cyber nikienda mjini. Bado anachota. Mke wangu amempokea kikombe mara moja, akafukuzwa kwamba anamwaga vibaya.

Kesho natoa betri kwenye gari langu, ambalo hata hivyo hutembea kwa kusukumwa, naifungia kile kimota cha gari cha kurushia maji kwenye kioo cha mbele. Umeme ukikatika, kizungushe maji chenyewe. Mzee wa watu hachoti tena kwa kikombe nikiwa nyumba hii.

Rafu bado ina nafasi ya betri. Na mlango, shemeji, sasa unafungwa.