Kwa Oksana, Aliyenichonga Nikila kwa Kushoto

Mjukuu wangu Oksana,

Hujambo wewe? Na mamako hajambo? Sisi hapa Mambrui wazima, alhamdulillahi. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo usije ukanisahihisha. Nakuandikia kwa sababu nina hasira nawe. Juzi kwenye simu uliniambia tangu urudi kwenu Ukraine umeacha kuchora. Eti vita vimekuvunja moyo, eti nani atataka picha za vitabu vya watoto wakati huu. Nikakukatia simu nikatafute jibu. Sasa nimelipata.

Unakumbuka ulipopanga chumba changu cha juu? Siku ya kwanza tu nilikukuta jikoni na yai langu la kuku, unaliandika maua kwa nta ya mshumaa. Nikakufokea, "Mayai ya watu ni ya kukaanga!" Ukaniambia ni bibi yako aliyekufunza, mlikuwa mkiyaandika kila inapokaribia Pasaka. Nikalitazama lile yai. Maua membamba kama hina ya bi harusi, yamezunguka bila kukatika. Sikukusifu, lakini sikulikaanga.

Halafu ukaanza kile kitabu cha watoto wa pwani. Unachonga picha kwenye kipande laini kama raba, unapaka wino, unalaza karatasi juu yake, unasugua kwa upawa wangu. Upawa wangu, Oksana! Wino haujatoka mpaka leo.

Ukanichonga mimi na wajukuu tumezunguka sinia la wali wa nazi. Siku ya kuitoa ukaibandua karatasi mbele yangu na jirani yangu Bi Zuhura. Uso wangu, leso yangu, hata pengo langu! Nikaanza kujidai. Bi Zuhura akainama.

"Shoga, makubwa haya! Leo wali unaula kwa mkono wa chooni?"

Kweli. Ulinichonga nikila kwa kulia, karatasi ikageuza kila kitu kama kioo. Sinia zima linaliwa kwa kushoto, mimi na watoto wote!

Ukasema, "Bibi, kwetu hakuna anayetazama mkono."

"Kwetu watautazama kabla ya uso. Kitoe kitabu hivyo hivyo, mimi mlango huu sitoki tena."

Nilidhani utalia, maana kazi ile ilikula wiki nyingi. Wewe ukacheka mpaka ukakaa sakafuni, Bi Zuhura akacheka, nami nikashindwa kujizuia. Kesho yake ukachukua kipande kipya, ukaanza moja.

Sasa watoto wa madrasa wananiita Bibi wa Kitabu. Wanagombania ukurasa wangu mpaka umechakaa pembeni. Nikipita sokoni natembea kama soko ni langu. Halafu wewe ndiye unaniuliza nani atataka picha?

Sikiza basi. Umenichora mimi, umemchora Zuhura, umechora mpaka mbuzi wangu. Nimepekua kitabu chote, na vile vya kwenu ulivyochora ukaniachia: mamako simwoni. Umesema mchana kutwa yuko dirishani anamenya viazi, mnangoja umeme urudi. Chukua kisu chako ukae mbele yake leo. Usimpunguzie makunyanzi. Ukimaliza nitumie nimwone huyo aliyekuzaa, nipate mtu wa kumlalamikia.

Nakupenda, na hasira bado ninazo.

Bibi yako wa Mambrui