Maneno Yaliyotutangulia Australia

Coober Pedy, 3 Machi 1963

Mke wangu Evdokia,

Salamu nyingi. Natumai wewe na mama mko wazima. Mimi mzima, ila nimechoka na vumbi.

Unasema huji kwa sababu hutaelewa hata neno moja la Kiingereza. Basi sikiliza. Humu tunapasua mwamba kwa dinamiti, tukitafuta mawe ya thamani ya opali. Si dinami yetu hiyo, nguvu? Jana usiku mwenyeji mmoja alinionyesha kwa kidole ule utepe mweupe wa nyota, akasema galaksi. Gala, Evdokia! Maziwa! Mimi niliyeacha shule darasa la tatu nilisimama nimeduwaa, kama mtu wa kwetu ameniita kutoka juu. Dragan, mwenzangu wa shimoni, akanicheka: "We Mgiriki, bado utadai hata bia ni yenu!"

Njoo. Maneno yetu yamekwisha kufika.

Mumeo,
Stamatis

Kalymnos, Ugiriki, 20 Aprili 1963

Mume wangu,

Kristo amefufuka! Sisi wazima, mama analalamikia miguu kama kawaida yake. Nilipomsomea barua akasema, "Yaani anakubembeleza kwa dinamiti?" Tulicheka mpaka mbuzi wakashtuka.

Lakini maneno mawili si nyumba, Stamatis. Siji. Rudi wewe.

Ila nitumie mengine. Leo alfajiri nikienda kukamua niliitazama ile galaksi yako. Kweli, kama mtu kajikwaa na ndoo.

Mkeo,
Evdokia

2 Agosti 1963

Evdokia wangu,

Natumai mko wazima. Usijali kimya changu, ni kazi tu.

Maneno yako haya hapa. Kliniki: ni klini, kitanda. Nimonia: ni pnevmoni, pafu. Themometa: ni thermi, joto. Huku ni shwari. Mapazia meupe yanapepea, najiona kama naelea kwenye maji ya kwetu, nawe uko ufukweni unaniita.

Mumeo,
Stamatis

Kalymnos, 19 Agosti 1963

Mume wangu,

Hali yako sikuulizi, umeshaniambia. Kwanza ulinitumia nguvu na maziwa ya angani. Sasa kitanda, pafu, joto. Na tangu lini shimoni kuna mapazia? Muongo wee!

Mbuzi nimemuuzia Anthoula jirani, mama amehamia kwa dada. Zile karatasi za safari ulizonitumia mwaka jana nimezitoa sandukuni. Muhuri wa posta kwenye barua yako unasema Adelaide, mjini, si Coober Pedy. Meli inaondoka Jumatatu ijayo.

Nikishuka, mtu wa kwanza nitakayemwona nitamwambia: kliniki, nimonia, Stamatis. Atanielewa.

Wewe lala hapohapo, unisubiri.

Mkeo,
Evdokia