Jiwe la Mlango

Jumamosi, 3 Februari

Leo uani kwangu zimeingia kreti nne za mawe. Mawe! Binti yangu kitinda mimba kayaleta kwa gari la kukodi, kakaa nyuma nayo kama amepakia mayai. Ni mawe ya baharini, mepesi, yana vitundu vitundu kama mkate ulioumuka. Bwana aliyempa alikuwa na tangi la samaki wa maji ya chumvi, sasa anahama. Yananuka jamani! Majani makavu, vidude vilivyofia humo ndani. Nikamuuliza, haya matakataka ya nini? Akasema, Mama, hizi ndizo nyumba za samaki wa daktari wa meno.

Naandika hapa kwa sababu nikimwambia tena Mama Redio wa ghorofani atasema najisifu. Daktari wa meno amempa kazi mwanangu — mwanangu, si mwingine! — aweke tangi la bahari pale watu wanaposubiri, ili watoto waache kulia. Kazi yake mwenyewe. Duka la samaki wa mapambo alikoajiriwa halimo.

La mwaka jana hakulitaja. Wala mimi. Walikufa samaki saba kwa siku mbili, tajiri wake akamwambia asiguse tena maji ya chumvi, abaki na wale wekundu wa maji baridi. Alilala kitandani kwangu wiki nzima, na ukubwa wote ule. Hili likiharibika hatajaribu tena. Namjua, nimemzaa.

Jumapili, 4 Februari

Tumesugua tangu asubuhi. Brashi, glavu, miwani kama mafundi wa kuchomelea. Nikasema si tuyachemshe tu, sufuria kubwa ninayo. Alishtuka kama nimesema nimchemshe yeye. Kumbe humo mna vidude vyenye sumu, ukivichemsha mvuke wake unakulaza hospitali. Haya, sufuria nikairudisha.

Halafu kampigia simu yule mwenye mawe: uliwahi kuwatibu samaki kwa dawa ya shaba? Jiwe hufyonza shaba, baadaye huiachia majini, konokono na kamba wanakwisha. Bwana akasema hajawahi. Mwanangu akamuuliza mara tatu! Mara tatu, kwa adabu, kila mara kwa maneno mengine. Polisi hawamfikii.

Kubwa kuliko yote lina tundu katikati, mkono unapita. Tumelipa jina, jiwe la mlango.

Jumatano, 7 Februari

Mawe yamelowekwa kwenye pipa, maji na klorini. Sasa hapo wamefika kwangu! Miaka kumi na tisa dobi wa hospitali, mashuka ya wodi nne, hakuna doa lililonishinda. Mwanangu anajua vipimo vya kitabuni, lakini leo aliniita: Mama, njoo unuse, imetosha? Nikanusa. Nikamwambia ongeza kikombe. Akaongeza, hakubisha.

Nimefurahi mpaka nimepika chakula cha watu sita. Tuko wawili.

Jumatatu, 12 Februari

Mawe yamesuuzwa, yamelowekwa tena kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini, yameanikwa juani. Meupe kama meno ya tangazo.

Na mimi nilikwenda kutazamwa gego. Kabla sijafumbua kinywa nikamwonyesha daktari picha ya jiwe la mlango kwenye simu. Akaita na muuguzi. Nikawaambia, ngojeni muone samaki watakavyokuwa wanapita hapo, huku wanaingia, huku wanatoka. Daktari akasema hilo analitaka katikati kabisa ya tangi.

Nyumbani mwanangu kaninunia. "Mama, jiwe halijawa tayari, wewe umeshaniahidia watu!" Nikamwambia kama si mimi, nani atakusifu? Akacheka kwa shida.

Ijumaa, 16 Februari

Yuko dukani mpaka jioni. Nimepita kunusa mawe, moja moja. Yote safi, ila la mlango. Ndani ya lile tundu klorini bado ipo, kwa mbali, pua yake yeye haiwezi kuipata. Dobi yeyote anajua: ukitoka kwenye klorini unasuuza, unasuuza tena, halafu maji ya mwisho ya kulainisha. Bila hayo shuka linawasha mgonjwa.

Yeye alikataza sabuni. Mimi sabuni sikutia! Nimetia dawa ya kulainisha nguo, ile ya maua, kifuniko kimoja tu kwenye beseni. Limetoka linanukia kama shuka la daktari mkuu. Nimelirudisha juani palepale. Simwambii, acha ashangae mwenyewe.

Jumamosi, 24 Februari

Siku kubwa. Mawe yote yameingia kwenye pipa la maji ya chumvi, pampu inazungusha, kuna na kifaa cha joto. Yatakaa humo wiki kadhaa, giza, mpaka wadudu wazuri wasioonekana wahamie. Wao ndio wanaokula uchafu wa samaki. Bila hao samaki wanajifia kwa mkojo wao wenyewe. Maskini.

Harufu ya maua jua lilishaimaliza. Hakugundua kitu.

Jumapili, 25 Februari

Povu.

Limeinua mfuniko, limemwagika uani. Jeupe, laini. Mimi povu nalijua!

Mwanangu alisimama akaliangalia. Akapima maji, akapima tena. Akatoa daftari lake, akasoma kila alichofanya tangu siku ya kwanza, kwa sauti ndogo, kidole kwenye mstari. Halafu akaniambia: "Sijui nimekosea wapi, Mama. Labda tajiri alisema kweli. Mikono yangu ina balaa."

Nilikuwa nimeshika ufagio. Nikaendelea kufagia. Mungu anisamehe, nikafagia lile povu kama si langu.

Jumatatu, 26 Februari

Nimemwambia. Nikasema, mwanangu, mikono yenye balaa ni hii. Nikamweleza beseni, kifuniko, maua, yote.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mama, nilisema hata tone."

"Ulisema sabuni."

"Mama!"

"Ndiyo. Ndiyo, mwanangu."

"Mawe mangapi?"

"Moja. La mlango."

"Lakini yamelala pipa moja." Kisha: "Jana ulikuwa unajua?"

Hapo ndipo nilipolia. Si kwa ajili ya jiwe. Yeye akainuka, nikadhani anaondoka, kumbe anafuata kitambaa. Akanifuta uso kama mimi ndiye mtoto. Akasema, basi kosa tunalijua, kosa linalojulikana linatibika. La mwaka jana mpaka leo halijui. Akavuta glavu. Nyingine akanirushia.

Jumamosi, 2 Machi

Maji yote ya kwanza tuliyamwaga. Kila asubuhi natoa maji, naingiza mapya, nasuuza, natia pampu, naangalia. Povu la Jumanne mpaka kifundo cha kidole. Alhamisi utando tu. Leo kwenye mawe madogo hakuna kitu! La mlango tumelitenga kwenye ndoo yake, na mfuko wa mkaa wa kuchujia. Hilo bado.

Mama Redio kachungulia dirishani kaniuliza nimerudishwa kazini? Nikamwambia ndiyo, nimeajiriwa na binti yangu, na ni bosi mkali. Mwanangu alisikia, akacheka hasa, mpaka akashika pipa.

Jumamosi, 23 Machi

Madogo yamepona. Yamerudi maji ya chumvi siku nyingi sasa, na vipimo vyote vizuri: ile dawa ya matone ya kupimia maji imekaa njano, haigeuki kijani. Njano ni uzima. Nimejifunza na mimi, uzee huu!

Leo jaribio. Konokono wawili wa baharini. Mmoja kwenye pipa la mawe madogo, mmoja kwenye ndoo ya jiwe la mlango. Wa pipani hakumaliza dakika tano, katoa pembe zake, kapanda, anatafuna ukuta kama kaalikwa. Wa ndoo kajifunga. Tukasubiri. Saa nzima. Mwanangu akamgeuza kwa kidole, taratibu. Hakutoka.

Akamtoa akampeleka kwa mwenzake. Alipofungua mlango wake na kutembea, sote wawili tulipumua.

"Jiwe hili haliendi," akasema. Nikasema tulisuuze mwezi mwingine, miwili, mimi nipo. Akasema Mama, umelisuuza vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Lakini siwezi kumwekea samaki wa mtu jiwe nisiloliamini.

Jumatatu, 25 Machi

Mawe madogo yako kwenye kreti, yamefunikwa vitambaa vyenye maji. Gari linakuja saa nane. La mlango liko kwenye ndoo, zuri vilevile, linaniumiza macho.

Daktari hajaambiwa. Tangu ile picha yangu kamwambia kila mgonjwa. Muuguzi alinipigia juzi kuniuliza mlango unakuja lini! Nilijifanya mtandao mbovu.

Sasa hivi mwanangu yuko uani, anampigia. Naandika hapa jikoni, dirisha liko wazi, nasikia. Sauti yake haitetemeki. Anasema mawe mengine ni salama, ameyapima mwenyewe. Anasema lile kubwa halitakuja. Daktari anauliza kwa nini, lazima anauliza.

"Lilipata sabuni wakati wa kusafishwa, Daktari. Kosa ni langu."

Lake? Lake!

Nimegonga dirisha. Nimemwonyesha kwa mkono, lete hiyo simu. Anatikisa kichwa, kanipa mgongo. Mabega yanatikisika, sijui anacheka sijui analia. Mji mzima mimi ndiye niliyeutangazia sifa zake, na hili nitalitangaza kwa mdomo huuhuu. Anasema, "Ndiyo, Daktari, nasikiliza" —

Naenda kuichukua simu